Stromness ya George Mackay Brown: usome nini kwanza, upite wapi, utazame nini

Swali: Mimi ni mwalimu wa fasihi kutoka Morogoro, kwa sasa niko masomoni Aberdeen. Mwezi Mei nina siku tatu za kwenda Stromness, visiwa vya Orkney kaskazini mwa Uskoti, kwa ajili ya George Mackay Brown. Nilianza kusoma Greenvoe nikaishia katikati: watu ni wengi na sioni kinachotokea. Nianze upya na kitabu gani? Nikifika nitazame nini? Na je, urithi wa fasihi wa mji ule ni mwandishi huyu mmoja tu?

Jibu:

Mwalimu, nianze na swali lako la mwisho. Urithi wa Stromness si wa mtu mmoja, ila yeye ndiye aliyeukusanya. Mji huu wenye watu wanaozidi kidogo 2,000 ulikuwa kituo cha mwisho cha meli nyingi zilizokuwa zikielekea Kanada, Greenland na bahari ya barafu. Kwa karne mbili habari za baharini zilitua hapo, na waandishi wakazifuata: Walter Scott mwaka 1814, Hugh Miller miaka ya 1840, na Charles Dickens aliingia katika mzozo na mtu wa hapohapo bila yeye mwenyewe kufika. Brown alizaliwa Stromness tarehe 17 Oktoba 1921 na akafariki visiwani humo tarehe 13 Aprili 1996. Alitoka Uskoti mara chache mno. Alichofanya maisha yake yote ni kuuandika mji huu mmoja kwa jina lake la kale la Kinordi (lugha ya kale ya Skandinavia), Hamnavoe, tena na tena, mpaka kila gati na kila kichochoro kikapata hadithi.

Kilichokukwamisha ni kuanza na Greenvoe. Riwaya hiyo ya 1972 ina sura sita. Zile za mwanzo zinafuata siku za juma moja katika kisiwa cha kubuni kiitwacho Hellya, na zinafungwa kwa hatua moja ya ibada ya siri ya wakulima, ibada ya mbegu na mkate. Msomaji anayesubiri kisa kimoja kinachopanda hadi kilele atachoka, kwa kuwa kisa chenyewe ni kijiji. Katika sura ya sita unaingia mradi wa kijeshi uitwao Black Star, na kijiji kizima kinafutika. Ukifika hapo ndipo unagundua kwa nini ulitambulishwa kwa watu wengi hivyo: ili uwakose. Usiitupe, ila irudie baadaye.

Anza na hadithi fupi, na hasa mkusanyo A Time to Keep wa 1969. Soma “The Wireless Set” kwanza. Haifiki hata nusu saa ya kusoma, na ina karibu mbinu zake zote: redio ya kwanza inaingia bonde la mbali mwaka 1939, kijana aliyeileta anaenda vitani baharini, na wazazi wake wanapata habari za kifo chake bila kulia mbele ya mgeni. Kisha soma “Celia”, iliyomo katika kitabu hichohicho, kisa cha binti wa Hamnavoe anayeishi na baba yake wa kambo, fundi viatu, huku ulevi ukimtafuna. Ninaiona kuwa hadithi bora kuliko zote alizoandika. Ukiisoma, kumbuka jambo moja la historia: wakazi wa Stromness walipiga kura mwaka 1920 kuzuia baa, na baa hazikuruhusiwa tena hadi kura ya 1947. Brown alikua katika mji usio na baa, akaonja bia ya kwanza akiwa mtu mzima, na pombe ilimsumbua yeye mwenyewe kwa miaka mingi. Huruma iliyomo katika “Celia” inatoka mahali anapopajua.

Baada ya hapo chukua shairi moja tu, “Hamnavoe”, lililo katika Loaves and Fishes ya 1959. Baba yake, John Brown, alikuwa tarishi wa posta na fundi cherehani, akafariki mwaka 1940. Shairi linamfuata akigawa barua kuanzia asubuhi mpaka jioni, na mji unafunguka kila anapopita: mashua, wavuvi, wenye maduka, watoto, machweo. Lichapishe kwenye karatasi uende nalo. Kwa mgeni wa Stromness hakuna ramani inayolishinda.

Mambo mawili yatakusaidia kuyasoma maandishi haya bila kuchoka. La kwanza ni mtindo wa masimulizi ya kale ya Kinordi. Orkneyinga Saga, iliyoandikwa Iceland yapata mwaka 1200, inasimulia habari za watawala wa Orkney kwa sentensi fupi. Haikwambii mtu aliwaza nini. Inakwambia alifanya nini na alisema nini. Brown alijifunza kutoka huko. Ndiyo maana mwanzoni unaona “hakuna kinachotokea”: hisia zimewekwa ndani ya tendo, na mwandishi hakufafanulii. Tafuta tafsiri ya Hermann Pálsson na Paul Edwards ya 1978, usome sura za kuuawa kwa Magnus, mmoja wa watawala hao, katika kisiwa cha Egilsay, yapata mwaka 1117. Magnus na mtawala mwenzake, Hakon, walikuwa wamepatana kila mmoja aje na idadi sawa ya meli, lakini Hakon akaja na nyingi zaidi. Mshika bendera wake akakataa kuua, na mpishi Lifolf akalazimishwa kufanya kazi hiyo huku akilia. Ukishaisoma hiyo, riwaya ya Brown iitwayo Magnus, ya 1973, haitakutatiza pale inaporuka ghafla kutoka karne ya 12 hadi kambi ya mateso ya Wanazi. Wasomaji wengi hukwama hapo wakidhani kurasa zimechanganyika. Mruko huo umekusudiwa: anasema ni sadaka ileile, na mpishi yuleyule anaitwa tena.

La pili ni dini. Brown alilelewa katika kanisa la Kipresbiteri la Uskoti akaingia Ukatoliki mwaka 1961. Tangu hapo, mkate na samaki, jembe na mashua, na hasa namba saba, hujitokeza kila mahali. Anapogawa shairi katika vipande saba au kumi na vinne, mara nyingi anafikiria siku za uumbaji au Njia ya Msalaba. Mwanafunzi asiyelijua hili huona urudiaji tu. Anayelijua huanza kuhesabu, na kuhesabu kunalipa.

Kuhusu maisha yake inatosha haya. Kifua kikuu kilimkamata mwaka 1941 na kikamfungia milango ya jeshi na ya ajira ya kawaida. Akabaki nyumbani, akaanza kuandikia magazeti. Mwaka 1951 alikwenda chuo cha watu wazima cha Newbattle, karibu na Edinburgh, ambako mkuu wake alikuwa mshairi Edwin Muir, mwana wa Orkney pia. Muir ndiye aliyemsaidia mashairi yake yafike kwa wachapishaji wa London. Alirudi nyumbani akaishi na mama yake, Mhairi Mackay, mzungumzaji wa Kigaeli kutoka Sutherland, katika nyumba ya halmashauri. Mama alipofariki mwaka 1967, mwaka uliofuata alihamia 3 Mayburn Court. Huko aliandika asubuhi baada ya kifungua kinywa, kwenye meza ya jikoni, kwa kalamu ya kawaida. Kwa miaka zaidi ya ishirini aliandika pia safu ya kila wiki katika gazeti la The Orcadian, na safu hizo zimekusanywa vitabuni. Ukitaka kujua bei ya makaa, dhoruba ya Februari au paka wa jirani, soma hizo. Riwaya yake ya mwisho, Beside the Ocean of Time, iliingia orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka 1994, naye hakwenda London kwenye sherehe.

Sasa safari yenyewe. Kutoka Aberdeen kuna meli ya moja kwa moja, lakini inatia nanga Hatston, karibu na Kirkwall, usiku sana, na haisafiri kila siku. Ukiweza, zunguka: treni hadi Inverness, nyingine hadi Thurso, kisha mwendo mfupi kwa basi au teksi hadi gati la Scrabster. Kutoka Scrabster meli huchukua dakika 90 na inaingia Stromness penyewe. Inapita chini ya majabali ya kisiwa cha Hoy na ile nguzo ya mwamba ya mita 137 iitwayo Old Man of Hoy. Kaa upande wa kulia wa sitaha wakati wa kwenda kaskazini ikiwa meli inapita njia ya ndani karibu na Hoy, na uulize mabaharia kabla, kwani upepo ukibadilika hubadili na njia. Sababu ya kusisitiza njia hii ni ya kifasihi: mji huu umejengwa kutazamwa kutoka baharini. Nyumba zimeupa maji ubavu, na nyingi zina gati lake dogo la mawe. Anayeingia kwa basi huuona kwa mgongo.

Barabara kuu ni moja, imetandikwa mawe bapa, nyembamba kama mitaa ya Lamu, ila magari hupita, kwa hiyo angalia nyuma. Jina lake hubadilika unapotembea: Victoria Street, Graham Place, Dundas Street, Alfred Street, South End. Vichochoro hupanda kulia kuelekea kilima cha Brinkie's Brae. Tembea kutoka gatini kuelekea kusini, na usifanye haraka. Ni chini ya saa moja bila kusimama, lakini itakula asubuhi yako nzima ikiwa unasoma shairi la baba kila unapofika kwenye kona.

Karibu na gati kuna chemchemi ya ukumbusho wa Alexander Graham. Katikati ya karne ya 18 mfanyabiashara huyu aliipinga kodi ambayo Kirkwall iliwatoza wafanyabiashara wa Stromness. Mwaka 1758 Kirkwall ilishindwa kesi hiyo katika Bunge la Malodi, lakini Graham mwenyewe alifilisika. Mbele kidogo, kwenye Victoria Street, ni Pier Arts Centre, iliyofunguliwa mwaka 1979 kwa mkusanyo wa Margaret Gardiner. Ingia utafute kazi za Sylvia Wishart, mchoraji wa mji huu aliyechora picha za An Orkney Tapestry ya Brown. Alichora Hoy kupitia kioo cha dirisha, ndani na nje vikiwa katika picha moja, na hiyo ni namna nzuri ya kumwelewa Brown kuliko maelezo mengi ya kitaaluma.

Makumbusho ya Stromness, kwenye Alfred Street, yasikupite. Tafuta vitu viwili. Cha kwanza ni mashua ya Halkett, mashua ya kitambaa kilichopakwa mpira ambayo hujazwa upepo na kubebwa mgongoni. Zilizobaki duniani ni chache mno. Inahusiana na Dk. John Rae, aliyezaliwa mwaka 1813 katika nyumba ya Clestrain, ng'ambo ya maji kutoka mjini. Rae alifanya kazi na Hudson's Bay Company, kampuni ya biashara ya manyoya Kanada, ambayo meli zake zilipitia Stromness kuchukua maji na vijana; mwishoni mwa karne ya 18 karibu robo tatu ya watumishi wake wa Kanada walikuwa watu wa Orkney. Mwaka 1845 meli za mvumbuzi Sir John Franklin, Erebus na Terror, zilichota maji hapa zikaenda kaskazini zisirudi. Mwaka 1854 Rae alileta habari alizopewa na Wainuiti, wenyeji wa nchi za barafu: mabaharia wa Franklin walikufa kwa njaa, na wengine walikula maiti za wenzao. Dickens alikasirika. Katika jarida lake la Household Words, Desemba ya mwaka huo, aliandika makala za kuwatukana Wainuiti kuwa waongo na washenzi, akikataa kwamba mabaharia wa Kiingereza wangeweza kufanya hivyo. Rae alijibu katika jarida hilohilo, kwa utulivu, akiwatetea watu aliosafiri nao na kujifunza kwao namna ya kuishi barafuni. Utafiti wa mifupa baadaye ulionyesha Rae na Wainuiti walisema kweli. Mwalimu wa fasihi hatapata mfano bora wa kufundishia swali la nani anaaminiwa anaposimulia, na makala hizo zote zinasomeka bure mtandaoni katika hazina ya majarida ya Dickens.

Cha pili ni visukuku vya samaki. Mawe ya pwani hii yana mabaki ya samaki wa kale mno, na Hugh Miller, mwashi wa mawe kutoka Cromarty aliyegeuka mwandishi na mwanajiolojia, alikijengea kimojawapo kitabu kizima mwaka 1849: Footprints of the Creator, kinachomtaja samaki wa Stromness katika jina lake kamili. Hoja yake dhidi ya wazo la mabadiliko ya viumbe imepitwa na wakati. Nathari yake haijapitwa.

Mayburn Court iko hapo karibu na makumbusho. Kuna kibao ukutani, basi. Wageni wengi hutegemea kuikuta nyumba ya makumbusho yenye meza ya jikoni na kalamu, hakuna. Ni makazi ya watu, kwa hiyo usibishe hodi na usipige picha za madirisha. Endelea South End hadi Login's Well, kisima kilichowapa maji Hudson's Bay Company, meli za Kapteni Cook zikirudi mwaka 1780, na meli za Franklin. Kilifungwa mwaka 1931. Kilipofungwa, Brown alikuwa mtoto wa miaka tisa, kumi hivi.

Juu ya mji, upande wa Brinkie's Brae, ndipo alipoishi Bessie Millie, bibi aliyewauzia mabaharia upepo mzuri. Scott alimtembelea mwaka 1814 alipokuwa akizungukia minara ya taa pamoja na mhandisi Robert Stevenson, babu yake mwandishi Robert Louis Stevenson. Ada ilikuwa peni sita za Kiingereza: bibi alichemsha birika lake na kuomba dua. Yeye ndiye aliyemsimulia Scott habari za John Gow, kijana aliyekulia Stromness, akateka meli, akarudi nyumbani mwaka 1725 akijifanya mfanyabiashara, kisha akanyongwa London mwaka huohuo. Kutoka hapo ilitoka riwaya The Pirate ya 1822. Tahadhari moja: usiitafute Stromness ndani yake ukurasa kwa ukurasa, kwani sehemu kubwa ya riwaya inatokea Shetland. Bibi mwenyewe amegeuzwa akawa Norna, mwenye nguvu za kutisha kuliko mzee yule wa birika.

Mchana wa siku ya kwanza tembea hadi makaburi ya Warbeth, kama kilomita 3 kutoka katikati ya mji kwa njia ya pwani. Brown amezikwa hapo pamoja na wazazi wake. Kwenye jiwe kuna mistari miwili ya shairi lake, inayomwambia mshairi achonge runi (herufi za kale za Wanordi) kisha aridhike na ukimya. Alizikwa tarehe 16 Aprili, sikukuu ya Mtakatifu Magnus, baada ya misa katika kanisa kuu la Kirkwall linalobeba jina la mtakatifu huyo.

Siku ya pili nenda Rackwick, kisiwani Hoy. Boti ndogo ya abiria kutoka Stromness huchukua karibu nusu saa hadi Moaness, halafu ni mwendo wa saa mbili hivi kwa miguu kupita bondeni. Soma Fishermen with Ploughs (1971) kabla ya kwenda, kwa kuwa mashairi yake yote ni historia ya ghuba hiyo moja tangu walowezi wa Kinordi. Kosa la kawaida hapa ni la ratiba: boti ni chache kwa siku, na ukikosa ya mwisho utalala huko. Chukua chakula, maji na koti la mvua. Mwanga wa Mei unadumu zaidi ya saa 16, ila upepo haupumziki na miti ya kujikinga ni michache. Bahari ikichafuka boti isipotoka, badilisha siku: nenda Maeshowe, kaburi la kale lenye maandishi zaidi ya 30 ya runi yaliyochongwa na Wanordi katika karne ya 12. Wengi waliandika majina yao tu. Mmoja akamsifu Ingigerd kwa uzuri. Tiketi zake ni za saa maalumu na huisha mapema, hivyo agiza kabla hujatoka Aberdeen. Mlango ni wa kuinama.

Siku ya tatu panda basi la X1 hadi Kirkwall, kilomita 24 hivi. Asubuhi kaa katika kanisa kuu, lililoanzishwa mwaka 1137 na Rognvald, mtawala aliyekuwa mshairi mwenyewe. Beti zake zimo ndani ya Saga. Kuna ukumbusho wa John Rae humo, amelala ubavu na bunduki yake kando. Kisha nenda Maktaba ya Orkney, ambayo ilianza mwaka 1683, na chumba chake cha nyaraka. Hati za Brown zimegawanyika kati ya hapo, Maktaba ya Taifa ya Uskoti na Chuo Kikuu cha Edinburgh, kwa hiyo usiende ukitarajia kila kitu. Waandikie wiki mbili kabla, taja kazi unayoitafuta, na uombe rasimu za shairi moja kuliko “karatasi zake” kwa ujumla. Wahifadhi hawawezi kukutolea masanduku bila kujua unatafuta nini. Nakushauri uombe kitu kimoja ambacho alikiandika upya mara nyingi. Brown alikuwa mtu wa kurudia kazi zake kwa miaka, akipunguza, na katika rasimu unaona kivumishi kikikatwa, kisha sentensi, mpaka yabaki matendo peke yake.